Waimbaji watano kwenye fremu moja: uchambuzi wa kisa cha kupanga leya

Kabla ya yote

Kisa hiki ni cha kweli. Nimetoa majina na kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu, na mwenye kazi, ambaye hapa namwita Mhariri, ameniruhusu kuandika. Mimi niliitwa katikati, siku ya saba kati ya siku 12 alizokuwa nazo, kazi ikiwa imeshakwama mara mbili, kwa hiyo ya mwanzoni nimeyajua kwa kusikiliza maelezo yake na kufungua mafaili yake moja moja. Na nilivyofungua nikaona kitu ambacho ndo kimenifanya niandike: makosa yaliyomla siku nyingi hayakuwa ya efekti hata kidogo, yalikuwa ya mpangilio wa leya, yaani klipu zinazopandishwa moja juu ya nyingine: nini kiko chini ya nini na nani anashika saa.

Hali ilivyokuwa

Watu watano waliowahi kuimba pamoja, sasa kila mtu yuko kwake, wakaamua kumwimbia mwalimu wao wa muziki anayestaafu. Wimbo una dakika 3 na sekunde 40. Kila mmoja ajirekodi kwa simu yake huku anasikiliza mwongozo kwenye hedifoni, apige kofi moja kabla ya kuanza, ashike simu kwa kuilaza. Kiongozi yeye akae mbele ya kitambaa cha kijani ili akatwe (programu ifute kijani, abaki yeye tu) na kuwekwa katikati, mbele ya video ya mawingu yanayotembea, wengine wanne wawe pembeni.

Mhariri ana laptop ya kawaida yenye RAM ya GB 8 na programu ya kuhariri iliyokuja nayo. Alishazoea kuunganisha klipu moja baada ya nyingine, harusi, safari, vitu hivyo. Kuzipandisha klipu moja juu ya nyingine hakuwahi.

Klipu zilipofika, mbili zilikuwa za wima licha ya maelekezo, moja ilikuwa ya fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde wakati nyingine ni 30, na moja ilitumwa kwa app ya kuchatia kama video ya kawaida badala ya kutumwa kama faili, kwa hiyo ilifika imeshabanwa na aliyeituma alikuwa ameshaifuta kwenye simu. Hiyo ya mwisho ikumbuke, tutairudia.

Jaribio la kwanza: kupachika na kueksipoti

Programu aliyokuwa nayo inaruhusu klipu moja tu juu ya ile kuu. Mhariri akapata njia ambayo kwa macho inaonekana ya akili: weka mwimbaji wa kwanza, pachika wa pili juu yake, eksipoti (itoe kama faili jipya la video), ile video iliyotoka irudishe kama klipu ya chini, pachika wa tatu, eksipoti tena, hivyo hivyo hadi kiongozi. Watu wengi sana hufanya hivi na siwalaumu, programu ikikupa nafasi mbili utazitumia hizo mbili.

Shida zikaja tatu kwa mpigo. Mwimbaji wa kwanza alikuwa amebanwa mara nne, maana kila eksipoti inaibana video upya, uso umeanza kuyeyuka na kuwa vibloku vibloku, wakati kiongozi aliyeingia mwisho yuko safi, ukiwatazama pamoja unaona kabisa hawa hawakutoka kazi moja. Pili, alipogundua mwimbaji wa pili amechelewa kidogo hakuweza kumsogeza, maana kwenye ile video iliyotoka wote wameshakuwa picha moja, ni kama kutaka kutoa yai kwenye unga ulioshakandwa. Tatu, kitambaa cha kijani alikuwa anakikata juu ya klipu ambayo nayo ilishapitishwa kwenye eksipoti mara moja ili kurekebisha mwanga, na kingo za nywele zikatoka kama zimekatwa na msumeno.

Hili la kingo niligusie hapa maana halisemwi vya kutosha. Simu nyingi zikirekodi huhifadhi mwangaza wa kila pikseli lakini rangi huhifadhi kwa robo tu ya idadi hiyo, yaani pikseli nne zinagawana rangi moja. Kwa jicho la kawaida huoni. Lakini ukataji wa kijani unategemea rangi hiyo hiyo, kwa hiyo tayari unakatia kwenye ramani yenye maelezo machache, na ukieksipoti kabla ya kukata unazidi kuichafua. Ukate kwenye faili la asili, siku zote, kabla ya kitu kingine chochote.

Siku nne zikaisha hapo.

Jaribio la pili: treki nyingi, leya zimepinduka

Akashusha programu ya bure yenye treki nyingi (mistari ya kuwekea klipu, mmoja juu ya mwingine), ambao ulikuwa uamuzi sahihi kabisa na ningemwambia hivyo hivyo. Akaanza na klipu iliyokuwa karibu, ambayo ilikuwa moja ya zile za wima. Sasa, programu kadhaa huchukua vipimo vya projekti kutoka klipu ya kwanza unayoidondosha kwenye taimulaini (sehemu ya kupangia klipu), na ndicho kilichotokea, projekti nzima ikawa ya wima 1080 kwa 1920 bila yeye kujua na kila klipu ya mlalo ikaingia imejibana katikati na weusi juu na chini. Akadhani klipu zimeharibika. Akaanza kuzikuza moja moja kwa mkono.

Halafu akafanya kosa ambalo mimi naliona kila mara. Kiongozi akamweka treki ya chini kabisa, kwa sababu kichwani mwake kiongozi ndo wa kwanza na wa muhimu. Wengine juu, mawingu juu kabisa kwa sababu aliyaongeza mwisho. Mawingu yakafunika kila kitu, akayazima. Akamkata kiongozi kijani, nyuma pakawa peusi tititi.

Jioni nzima aliitumia kubadilisha aina ya kijani cha kukatwa, kupandisha na kushusha kiwango cha ukataji, akiamini ukataji umegoma. Kumbe ulikuwa umefanya kazi tangu dakika ya kwanza! Kijani kikiondoka panabaki tundu, na kwenye tundu unaona kilichoko chini, na chini ya treki ya mwisho hakuna kitu, na hakuna kitu huonyeshwa kwa rangi nyeusi. Leya zisome kama karatasi zilizolala mezani huku wewe unazitazama kutoka juu: ya juu inaziba ya chini, na ukitoboa ya juu unaona inayofuata.

Kitu kingine cha jioni hiyo hiyo. Laptop ilikuwa inakata kata kwenye privyu (dirisha la kutazamia kazi unapohariri), leya saba kwa pamoja na RAM ya 8 si mchezo, akaamua amtoe kiongozi peke yake aliyeshakatwa, aeksipoti kama mp4, amrudishe ili mashine ipumue. Akarudi na mandhari nyeusi. Ni kwamba mp4 ya kawaida, iliyobanwa kwa njia ya H.264, haibebi uwazi, yaani yale matundu yaliyokatwa. Ukitaka kutoa klipu yenye uwazi unahitaji aina inayoubeba, kama ProRes 4444 au mfululizo wa picha za PNG, na kwa wimbo huu mfululizo huo ungekuwa picha 6,600, kwa fremu 30 mara sekunde 220.

Hapo ndo akanipigia.

Maamuzi tuliyofanya na sababu zake

*Sauti kwanza, ikafungwa.* Hili tulibishana. Yeye alitaka picha ikae sawa kwanza maana ndo iliyokuwa inamuumiza, mi nikasema picha tano zinahitaji saa moja ya kuzifuata na saa hiyo ni sauti. Tukazitenganisha sauti tano na picha zake, tukazipanga kwa makofi, tukasawazisha, tukatoa faili moja la sauti, la WAV, likawekwa peke yake kwenye treki na kufungwa kufuli. Picha zote zikazimwa sauti. Kuanzia hapo swali likawa moja tu kwa kila klipu: midomo inafuata ile sauti au haifuati?

*Kutofautisha kuchelewa na kuteleza.* Mwimbaji mmoja alichelewa kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho. Alikuwa amesikiliza mwongozo kwa hedifoni za Bluetooth, ambazo huchelewesha sauti kidogo, naye akaimba akifuata alichosikia. Huyo unamsogeza mara moja, sauti na picha kwa pamoja, kwisha. Wawili wengine walianza sawa kabisa na kufika mwisho midomo iko nyuma ya sauti yao wenyewe, na hili si la kusogeza, ukimrekebisha mwisho unamharibu mwanzo. Simu zao zilirekodi kwa fremu zinazobadilika badilika, mwanga ukipungua simu inapunguza fremu bila kukuambia, na programu ya kuhariri inahesabu kama vile fremu zimepangwa kwa rula. Dawa ni kuligeuza faili la asili liwe na fremu zisizobadilika kabla ya kuliingiza. Tulitumia HandBrake, programu ya kugeuza video, ni ya bure, tukachagua fremu 30 zisizobadilika na ubora wa juu kwa sababu faili hilo ndo litakuwa asili mpya. Ile ya fremu 60 haikuhitaji chochote, kwenye projekti ya 30 inaachwa fremu moja moja na haionekani.

Kofi moja mwanzoni halikutosha kutuonyesha haya. Kofi la pili mwishoni mwa wimbo lingetuambia ndani ya dakika mbili kitu kilichotuchukua saa tatu kukigundua, makofi yote mawili yakipishana sawa ni kuchelewa, yakipishana tofauti ni kuteleza.

*Mpangilio wa fremu.* Mpango wa zamani ulikuwa wanne kwenye pembe nne, kila mmoja pikseli 960 kwa 540. Kwa klipu ya wima hiyo ni balaa, ikiingia mzima inakuwa na upana wa kama pikseli 304 tu, mtu mdogo kwenye dirisha kubwa tupu. Tukaachana na pembe, tukagawa fremu ya 1920 kwa 1080 kuwa safu tano za wima, kila moja pikseli 384. Zile za wima tukazipunguza hadi asilimia 56.25, zikawa na urefu wa 1080 na upana wa kama 608, tukakropu, yaani tukakata pembeni, pikseli 112 kila upande. Zile za mlalo hatukuzipunguza hata kidogo, tulikata tu kipande cha katikati chenye upana wa 384, na kwa bahati waliojirekodi mlalo walikaa mbali kidogo na simu kwa hiyo sura na mabega yakaingia. Hapa angalia mpangilio wa efekti: kropu kwanza, ndo usogeze. Programu nyingi zinasoma efekti kwa foleni, na Mhariri alisogeza kwanza kisha akakropu, kropu ikakata sehemu ambayo mtu hayupo.

Leya zikawa hivi kutoka chini: mawingu, waimbaji wanne, kiongozi, maandishi. Kiongozi yuko safu ya katikati lakini mabega yake yanatoka kidogo na kupanda juu ya majirani zake wawili, na hicho kitu kidogo ndo kilichoifanya video ionekane imetengenezwa, maana sasa kuna mbele na nyuma.

*Tundu kwenye shati.* Kiongozi alikuwa amevaa shati lenye mistari ya kijani hafifu na kukaa karibu mno na kitambaa, kwa hiyo kijani kikaakisi mpaka shavuni. Ukipandisha ukataji ili kitambaa kiishe chote, shati linatoboka, mawingu yanapita kifuani. Ukishusha, mikunjo ya kitambaa inabaki kama moshi. Tulifanya mambo matatu. Kwanza maski ya mkono (umbo unalochora kuamua kipi kionekane) kumzunguka kwa mbali, ili kila kilicho nje kiondoke bila kuhitaji kukatwa kwa rangi. Pili ukataji mdogo tu kwa kilichobaki pembeni mwa mwili, na efekti ya kuondoa ukijani kwenye ngozi baada yake. Tatu, na hili ndo nalipenda kuliko yote, tuliinakili klipu ile ile tukaiweka treki moja chini yake hasa, bila kukata kijani, tukaichorea maski ndogo ndani ya kifua. Klipu ya juu inatoboka, tunduni unaona shati lile lile kutoka nakala ya chini. Kwa kuwa alikuwa amekaa na hatikisiki sana, maski ile haikuhitaji kufuatishwa fremu kwa fremu.

*Nakala nyepesi za kuhariria.* Tuliwasha proksi, ndo hizo nakala nyepesi. Si kwa ajili ya raha tu: Mhariri alikuwa anasinki (anaoanisha midomo na sauti) kwa kutazama privyu inayokata kata, anaona midomo imechelewa, anasogeza, kumbe iliyochelewa ni laptop. Baadhi ya klipu zilikuwa sawa na yeye ndo aliyezitoa kwenye usawa. Tukaweka sheria kwamba sinki inakaguliwa ikiwa imewashwa leya moja tu na sauti, na kila tukitilia shaka tunarenda (tunatoa kama video kamili) sekunde kumi za mwanzo na kumi za mwisho, tunatazama hizo.

Matokeo

Video ilitoka siku ya 11. Midomo inafuata, kiongozi amekaa vizuri, mwalimu alioneshwa na wote watano waliridhika. Lakini siwezi kusema imekamilika. Rangi za safu tano hazikulinganishwa, mmoja ni wa njano njano wa taa ya ndani na jirani yake ni wa buluu wa dirishani, muda uliisha. Maandishi ya jina la wimbo yanagusa nywele za kiongozi kwa sekunde nne hivi mwanzoni. Na safu ya nne, yule aliyetuma kwa app ya kuchatia, ni laini laini, hana makali, na hakuna efekti ya kurudisha kilichokwisha kutupwa.

Nilivyoichambua

Kufunga sauti kwanza ndo kulikookoa kazi, nasema hivyo bila kusita. Ila kulikuwa na gharama. Siku ya tisa mwimbaji mmoja alituma sauti mpya aliyoirekodi upya, ikabidi tufungue kufuli, tuchanganye tena, tutoe WAV nyingine na kukagua safu zote upya. Nilipaswa kumwambia Mhariri awaulize wote watano "hii ndo ya mwisho?" kabla ya kufunga. Sikuuliza, kosa langu, nusu siku ikaenda.

Kubadilisha mpango kutoka pembe nne kwenda safu tano kulifaa kwa sababu tuliangalia tulichonacho mkononi. Mpango wa awali ulichorwa kabla klipu hazijafika, na ukikomaa na mchoro wakati klipu zinasema kingine utaishia kukuza watu mpaka wapasuke.

Kilichoshindwa kabisa ni upande wa kurekodi. Shati lile la mistari lilitupa saa tano hivi za kazi ambazo zingekwisha kwa sentensi moja kwenye maelekezo, usivae kijani na kaa hatua mbili mbele ya kitambaa. Maelekezo ya Mhariri yalizungumzia wimbo sana na simu kidogo. Hayakutaja namna ya kutuma, hayakutaja fremu, "laza simu" ilikuwa imejificha katikati ya aya na wawili hawakuiona.

Kuhusu jaribio la kwanza, kuna wanaoniambia kueksipoti na kurudisha si kosa ikiwa ubora uko juu. Kwa leya mbili tatu zisizobadilika, sawa, nakubali. Tatizo langu si ubora tu. Ni kwamba kila eksipoti unaamua kwamba yaliyo chini yake hayatabadilika tena, na kwenye kazi ya watu watano wanaotuma vitu kwa nyakati tofauti huo ni uamuzi ambao huna haki ya kuufanya siku ya pili.

Nilimwomba Mhariri asifute projekti na mafaili yake hata baada ya kukabidhi. Wiki kadhaa baadaye yule wa safu ya nne aligundua klipu yake ya asili ilikuwa imejihifadhi yenyewe kwenye akaunti yake, akaituma, safari hii kama faili. Mhariri alibadilisha klipu moja kwenye treki moja, kropu na sehemu yake vikabaki vilevile, akasogeza fremu mbili tu mbele midomo ikakaa, akashusha na maandishi kidogo yasiguse nywele, akarenda. Hakunipigia kuuliza chochote, alinitumia tu video.